Pateni namba 3: tumbo limekuja mbele, makalio yamerudi ndani

Mfungo Nane (mwezi wa nane baada ya Ramadhani), tarehe 6. Kupima upya

Pateni (karatasi ya kukatia nguo) namba 3 ni ya suruali ya kiume ya kadeti. Ilichorwa kwa mtu mmoja, ikakatiwa suruali nyingi, na zote zilikaa vizuri. Sasa mwenyewe ana malalamiko matatu: mkanda unateremka chini ya tumbo, mifuko ya pembeni inaachama, na nyuma chini ya makalio kitambaa kimelegea kama pazia. Akirukuu, mgongo unabaki wazi. Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, maana uchi wa mwanamume ni baina ya kitovu na goti, na suruali inayoshuka kwenye rukuu haimfai mtu msikitini hata kama barabarani inapendeza.

Mazoea ya mafundi wengi hapa ni kupima kiuno, kutoa kipimo cha zamani, na kugawa tofauti kwa nne: robo moja kwenye ubavu wa kila kipande. Kipimo cha kiuno kilikuwa inchi 34, sasa ni 38½. Tofauti ni inchi 4½. Ukizigawa sawasawa unapata suruali inayofunga kifungo na isiyokaa, kwa sababu mwili haukunenepa sawasawa. Tumbo limekwenda mbele, makalio yamepungua, na ubavu uko palepale ulipokuwa.

Kwa hiyo kila kipimo cha mzunguko kimegawanywa mbele na nyuma. Utaratibu ni huu. Funga lastiki nyembamba usawa wa kitovu, pale mkanda utakapokaa. Funga nati kwenye uzi, uning'inize kutoka katikati ya ubavu mpaka kwenye kifundo cha mguu. Uzi ukitulia, tia alama ya chaki kiunoni na kwenye nyonga. Hiyo ndiyo pembeni. Usiufuate mshono wa suruali kuukuu aliyoivaa, kwani tumbo limekwishauvuta kwenda mbele. Baadaye pima kutoka alama ya kulia hadi ya kushoto kwa mbele, kisha kwa nyuma.

Msamba hupimwa kwa futikamba inayopita katikati ya miguu, kutoka lastiki ya mbele hadi lastiki ya nyuma. Pitisha pete ndogo kwenye futikamba kabla ya kuanza. Pete itashuka mpaka chini kabisa na kukuonyesha mbele inaishia wapi na nyuma inaanzia wapi. Mwenyewe hujipima akiwa amevaa nguo nyepesi, fundi husoma namba tu. Kwa wanawake kazi yote hii ni ya fundi wa kike, pasi na mjadala.

Vipimo vya mwili, vya zamani na vya leo, kwa inchi:

Kiuno: 34 (mbele 17, nyuma 17). Sasa 38½ (mbele 20¾, nyuma 17¾).
Nyonga: 40 (mbele 19½, nyuma 20½). Sasa 40 (mbele 20½, nyuma 19½).
Msamba: 26½ (mbele 11¾, nyuma 14¾). Sasa 27 (mbele 13, nyuma 14).
Paja: 23. Sasa 22.
Mguu wa ndani: 30½. Haukubadilika.

Tazama nyonga. Jumla ni 40 kama zamani, na fundi mwenye haraka angeandika "sawa" akapita. Lakini inchi nzima imehama kutoka nyuma kwenda mbele. Msamba nao umeongezeka nusu inchi tu kwa jumla, ilhali mbele imeongezeka moja na robo na nyuma imepungua robo tatu. Malalamiko yote matatu yako ndani ya namba hizi mbili.

Mfungo Nane, tarehe 7. Kunakili karatasi

Pateni ya zamani haikatwi. Imenakiliwa kwenye karatasi mpya ya mfuko wa saruji, ile ya tabaka la ndani isiyo na vumbi, iliyopigwa pasi ya vuguvugu ikanyooka. Nakala imeandikwa 3B, pamoja na mwezi. Asili inabaki 3A. Watu hunenepa, na watu hukonda. 3A inaweza kuhitajika tena.

Karatasi mpya ilipimwa juu ya ile ya zamani kabla ya kuchora chochote. Ya zamani ilikuwa imeongezeka karibu thumni ya inchi kwa upana. Ni unyevu, na kukunjwakunjwa. Hapa kwetu karatasi iliyokaa chini ya meza msimu mzima wa mvua si karatasi ile uliyoikata. Pateni zitundikwe, zisikunjwe, na zilizokwisha kuthibitishwa zihamishiwe kwenye boksi gumu.

Akiba ya mshono, ile ziada inayobaki nje ya mshono, imeondolewa kwanza. Marekebisho yote yanachorwa kwenye mstari wa mshono wenyewe, halafu akiba inarudishwa mwisho. Ukirekebisha juu ya mstari wa mkasi, kila namba inakudanganya.

Jambo jingine la kushika: kinachoongezwa au kupunguzwa ni tofauti ya mwili, siyo kipimo kizima. Nafasi ya kujongea (inchi 2 kwenye nyonga, nusu inchi kiunoni) imo tayari ndani ya 3A. Ukianza upya kwa vipimo vya mwili na kusahau nafasi hiyo, suruali itakuwa soksi.

Mfungo Nane, tarehe 9. Kipande cha mbele

Mbele ya kiuno inahitaji inchi 3¾, yaani 1⅞ kwa kila kipande. Imepatikana hivi:

Rinda la mbele lililokuwa likila robo tatu ya inchi limefunguliwa na kuachwa wazi. Kwenye tumbo lililotangulia, rinda halina kazi. Hukaa limeachama siku nzima kama mdomo wa samaki. Nusu inchi imeongezwa pembeni, kutoka kiunoni hadi kwenye nyonga bila kupungua, kisha mstari unarudi taratibu mpaka kufa gotini. Inchi ⅝ imeongezwa kwenye mstari wa kati mbele. Robo tatu, nusu na ⅝: jumla 1⅞.

Mstari wa kati mbele wa 3A uliinamia ndani kidogo kuelekea kiunoni, kama ulivyo kwa mtu mwenye tumbo bapa. Sasa umesimama, na juu unatoka nje kwa thumni hivi. Uchore kwa rula. Tumbo ni la mviringo na mkono unatamani kupinda mstari uufuate, lakini zipu haipendi mstari uliopinda: itavimba katikati.

Kisha urefu. Msamba wa mbele unahitaji inchi moja na robo zaidi, kwani kitambaa kinapaswa kupanda juu ya tumbo na si kwenda moja kwa moja. Njia inayofundishwa mara nyingi ni kukata karatasi kwa mlalo kutoka kati mbele, kuacha kibawaba pembeni, na kuifungua kama kipepeo. Kwenye suruali hii tumeikataa. Ukifungua hivyo, sehemu ya juu inageuka, na mstari wa kati mbele unalala tena ndani. Unapoteza kiunoni kile ulichokwisha kukiongeza. Kwa inchi moja na robo, hasara ni karibu inchi nzima. Badala yake mstari wa kiuno umepandishwa juu kwenye kati mbele na kuchorwa upya kwa mkunjo mpole mpaka sifuri pembeni.

Kwa jaribio la kwanza tumepandisha robo tatu tu. Namba ilisema moja na robo. Uwoga.

Mfungo Nane, tarehe 10. Kipande cha nyuma

Nyuma imefanyiwa kinyume. Kwenye usawa wa nyonga karatasi imekunjwa mlalo: robo tatu ya inchi kwenye kati nyuma, ikiishia sifuri pembeni. Kukunja huku kunafanya mambo mawili kwa mpigo. Kunafupisha msamba wa nyuma, na kunausimamisha mstari wa kati nyuma uliokuwa umelala. Makalio makubwa yanataka mstari uliolala. Makalio yaliyorudi ndani yanataka uliosimama.

Nusu inchi imeondolewa pembeni kwenye nyonga, ikifa gotini. Ni ile nusu iliyoongezwa mbele: kwa hakika mshono wa pembeni umehama tu ukarudi mahali pake.

Baada ya kukunja, mstari wa pembeni ulivunjika kidogo kwenye nyonga ukaingia ndani kuelekea kiunoni. Umenyooshwa kwa rula. Hapo ndipo kiuno cha nyuma kinapimwa, si kabla. Aliyepima kabla ya kukunja ataongeza mara mbili. Baada ya kunyoosha, ule mkunjo wa kubana wa nyuma ulioshonwa kwa robo tatu umepunguzwa hadi robo, na kiuno kikatimia. Robo ya inchi haina haja ya kushonwa: inalainishwa ndani ya mkanda kwa mvuke wa pasi.

Paja limepungua inchi moja. Tumeliacha. Kishawishi ni kukata ncha ya msamba wa nyuma ili paja lipungue, na paja litapungua kweli, lakini ncha hiyo ni sehemu ya urefu wa msamba: ukikata nusu, umefupisha nyuma nusu nyingine juu ya ile uliyokunja. Joto la hapa nalo lina neno lake. Paja lenye hewa halijamkera mtu.

Mfungo Nane, tarehe 15. Jaribio la kwanza, kwa bafta

Kitambaa cha jaribio ni bafta isiyopaushwa, ile wazee wanayoiita merikani. Jina lilikuja na Wamarekani walioileta Unguja karne ya 19. Walifunga mkataba wa biashara na Seyyid Said mwaka 1833, na jina likabaki hata wenyewe walipoondoka. Kwa kazi hii faida yake ni moja: haivutiki. Kitambaa cha kuvutika kinasamehe makosa, na jaribio halitafuti msamaha.

Upana inchi 36, mita 2.3. Sindano namba 11, mshono mrefu wa milimita 4 unaofumuka haraka. Akiba inchi moja kila mahali isipokuwa kwenye kona ya msamba, ambako ni robo. Hili linasahaulika sana. Akiba pana kwenye kona ya msamba inajaza nafasi, na suruali inabana kana kwamba pateni ni mbovu. Kabla ya kulaumu pateni, punguza akiba ya kona.

Mistari mitatu imechorwa kwa kalamu juu ya bafta: uzi wa kitambaa (mwelekeo wa nyuzi zake za urefu) katikati ya kila mguu, mlalo kwenye nyonga, mlalo kwenye goti. Mistari hiyo ndiyo inayosema. Mtu huangalia mikunjo tu akakisia. Mstari ulioinama hauna ubishi.

Yaliyoonekana akiwa amesimama:

Mlalo wa nyonga ulikuwa sawa nyuma na pembeni, lakini mbele uliinama chini kati. Mkanda wa mbele ulishuka nusu inchi. Mistari miwili ya kuvuta ilitoka msamba kwenda juu pande zote mbili, kama masharubu. Maana yake: mbele ni fupi, tumbo linakopa urefu kutoka msamba. Nusu inchi iliyoibwa kwa uwoga imerudi kudai.

Nyuma ilikuwa safi. Pazia chini ya makalio limekwisha.

Mifuko imefunga mdomo. Haijaguswa hata kidogo. Mfuko wa pembeni huachama kwa sababu ya ubavu na tumbo kuvuta, na ukimaliza mvuto umemaliza mfuko. Kuushona mdomo, kama wanavyofanya wengine, ni kumziba mtoto anayelia.

Akiwa anajongea: kurukuu, sawa. Kusujudu, mkanda wa nyuma ulishuka inchi moja na nusu. Kukaa kitako cha tahiyatu, goti lilivuta. Kupanda ngazi ya daladala, sawa. Kukaa kwenye vespa, mkanda ulishuka tena nyuma.

Basi kuna mivutano miwili. Mwili uliosimama ulitaka nyuma ipunguzwe robo tatu. Mwili unaosujudu unataka sehemu ya hiyo irudi. Hakuna pateni inayoridhisha yote mawili kwa ukamilifu kwenye kitambaa kisichovutika. Ule mkunjo wa mlalo wa karatasi ya nyuma umerudishwa hadi nusu inchi. Nyuma chini ya makalio patakuwa na ulegevu kidogo, na ni heri huo.

Mtu mmoja karakana alipendekeza kushusha msamba nusu inchi ili kusujudu kuwe kwepesi. Si hivyo. Msamba ukishuka, miguu inafungwa pamoja kama iliyotiwa pingu, na kila ukiinua goti suruali nzima inapanda. Nafasi ya kusujudu iko kwenye urefu wa nyuma.

Mfungo Nane, tarehe 22. Jaribio la pili

Mbele imepandishwa nusu inchi zaidi, jumla 1¼. Nyuma imekunjwa ½. Bafta ileile, vipande vya juu vikikatwa upya na kuunganishwa kwenye miguu ya zamani usawa wa paja, ili kuokoa kitambaa.

Masharubu yametoweka. Mlalo wa nyonga umenyooka pande zote. Kwenye sijda mkanda ulishuka nusu inchi, na shati linafunika. Yanatosha.

Kuna jambo moja jipya: mguu wa kushoto uzi umeinama nje kidogo chini ya goti. Nyonga ya kulia iko juu robo inchi kuliko ya kushoto. Wengi wako hivyo bila kujijua. Kipande cha kushoto kimepunguzwa robo kiunoni pembeni, na karatasi imeandikwa "kushoto peke yake" kwa wino mwekundu, kwani kuanzia sasa vipande haviwezi kukatwa vikiwa vimekunjwa pamoja bila kukumbuka hilo.

Mfungo Tisa, tarehe 3. Vipande vidogo

Hapa ndipo miradi mingi hufia. Mbele na nyuma zimerekebishwa, watu wanashangilia, wanakata kitambaa, halafu mkanda haufiki.

Vilivyochorwa upya: mkanda, kipande cha zipu (mbele imepanda 1¼, kwa hiyo zipu ya inchi 7 imekuwa ya 8), uso wa mfuko na mfuko wenyewe, ambao sehemu ya juu lazima ifuate mstari mpya wa kiuno, na alama za lupu, vile vitanzi vya kupitishia ukanda. Lupu zilikuwa 5, zimekuwa 7. Ya kati nyuma ni pacha, kwa sababu hapo ndipo suruali inapotaka kushukia.

Mkanda umekatwa vipande viwili vinavyoungana kati nyuma, siyo kipande kimoja kirefu. Kati nyuma ya suruali nayo imepewa akiba ya inchi 1½ kiunoni, ikipungua hadi nusu inchi kabla ya kona ya msamba. Ni ufundi wa zamani wa suti, na sababu yake ni hii hii: mwili ukibadilika tena, unafumua mshono mmoja, unatoa au kuingiza hadi inchi 2 hivi kwa jumla, unashona. Zaidi ya hapo usithubutu. Ukiingiza sana kati nyuma, mifuko ya nyuma inakaribiana mpaka inasalimiana, na mshono wa pembeni unarudi nyuma.

Ndani ya mkanda, kila upande wa nyuma, kuna njia ya lastiki. Sehemu ya mkanda inchi 5, lastiki inchi 4, upana 1¼. Kila upande unavuta inchi moja, jumla 2: zinatosha baina ya kabla ya kula na baada ya kula. Lastiki ikae nyuma ya lupu za pembeni ili kutoka mbele isionekane. Usiiweke mbele, juu ya tumbo hujikunja na kukata ngozi.

Mfungo Tisa, tarehe 5. Kando: pateni namba 8

Kazi nyingine imeingia, na hali yake ni tofauti kiasi cha kustahili kuandikwa. Suruali ya kike ya kuvalia chini ya shamizi ndefu, mwenyewe ana miezi minne tangu kujifungua kwa upasuaji. Kiuno kilikuwa 30, sasa 34½. Nyonga 40, sasa 42. Paja halikubadilika.

Uamuzi wa kwanza: hii haikatwi kwa kudumu. Mwili huu bado uko safarini na kipimo cha leo ni cha leo. Kila wiki nne kitapimwa tena, na pateni itachorwa pale vipimo viwili mfululizo vitakapofanana ndani ya nusu inchi.

Kwa sasa anashonewa suruali ya mpito. Mkanda laini, upana inchi 3, wa kitambaa cha kuvutika, unaokaa juu ya kitovu. Urefu huo hauna nia ya urembo. Mkanda wa kawaida ungelala sawasawa juu ya kovu la upasuaji na kulisugua kila akiinama kumwinua mtoto. Kitambaa cha mwili wa suruali ni cha pamba, nyonga 44 pamoja na nafasi. Mbele imepandishwa inchi moja kati, kama namba 3, ila sababu ni nyingine: tumbo la chini bado limelegea na linahitaji kupakatwa, si kuzungukwa.

Kosa la kawaida hapa ni kuchukua pateni ya "saizi inayofuata". Saizi inayofuata inaongeza paja, goti na urefu pia, na paja lake ni lile lile. Atavaa suruali inayobana tumbo na kupepea miguuni.

Mfungo Tisa, tarehe 11. Kadeti

Turudi namba 3B. Kadeti ya pamba, upana inchi 58, mita 1.4, kutoka madukani Mchangani. Kabla ya kununua, vuta kipande kwa mshazari kati ya vidole: kikirudi taratibu na kubaki kimepinda, kitatengeneza magoti ndani ya wiki.

Mraba wa inchi 10 kwa 10 ulichorwa kwa uzi kwenye kona, kitambaa kikalala majini usiku kucha, kikaanikwa kivulini. Mraba ulipungua robo ya inchi kwa urefu, upana ukabaki. Kwenye suruali ya inchi 41 robo hiyo ni inchi nzima. Fundi asiyelowesha kitambaa atarudishiwa suruali baada ya kufuliwa mara ya kwanza, na pateni itabebeshwa lawama isiyo yake.

Vipande vimekatwa kimoja kimoja, uso juu, kwa ajili ya ile robo ya mguu wa kushoto.

Mfungo Tisa, tarehe 14–17. Kushona

Sindano namba 14, uzi wa poliesta, mshono milimita 2.5. Mpangilio: mifuko ya nyuma, mifuko ya mbele, zipu, pembeni, mguu wa ndani, na msamba mwisho kabisa. Mguu mmoja unaingizwa ndani ya mwingine, msamba unashonwa kwa mkupuo mmoja kutoka mkanda wa nyuma hadi chini ya zipu, kisha unarudiwa juu ya mshono uleule. Kona haipigwi pasi ikafunguliwa, inaachwa isimame. Ukiilaza, inavutwa na kuonekana nje kama mbavu.

Ukingo wa mfuko wa pembeni umewekewa utepe wa pamba usiovutika, kwa sababu umekatwa mshazari na tumbo litauvuta kila siku.

Umeme ulikatika siku ya kushona mkanda. Pasi ya mkaa ilifanya kazi, tena kwa kitambaa kizito kama hiki ni nzuri kuliko ya umeme, mradi jivu lipulizwe nje kwanza na kitambaa chenye maji kiwe juu.

Tatizo moja: mkanda wa mbele ulijikunja kwa nje pale tumbo linapogeuka kwenda chini mtu akikaa. Kitambaa cha gundi kinachokaza mkanda kwa ndani kilikuwa laini mno. Umefumuliwa mbele tu, ukaongezewa tabaka la pili la gundi lililo jembamba kwa thumni kila upande ili lisifike kwenye mshono, ukashonwa tena. Nyuma umebaki laini ili lastiki ifanye kazi yake.

Rajabu, tarehe 2. Baada ya wiki mbili za kuvaliwa na kufuliwa mara tatu

Urefu haukubadilika. Mkanda unakaa kitovuni bila ukanda wa ngozi. Nyuma, kwenye sijda, nusu inchi kama kwenye bafta. Goti la kulia limeanza kutokeza kidogo. Hiyo ni kadeti, si pateni.

Mwenyewe amesema jambo moja tu: "Fundi, mfuko umekuwa mfupi." Ni kweli. Mstari wa kiuno ulipanda mbele, mfuko ukafuata juu, lakini chini ya mfuko haikushushwa, na sehemu ya juu imekuwa mbali na mkono. Kwenye 3B mfuko umerefushwa inchi moja chini na mdomo umeteremshwa nusu.

Namba 8: kipimo cha pili, kiuno 33, nyonga 41½. Bado.

Shaabani, tarehe 8. Kuhamisha

3B imechorwa kwenye boksi gumu, na akiba zote zimeandikwa: nusu inchi pembeni na mguu wa ndani, robo kwenye kona ya msamba, 1½ kati nyuma, 2 kwenye pindo. Vipimo sita vya mwili vya mbele na nyuma vimeandikwa juu ya kipande cha nyuma, si kwenye daftari, maana daftari hupotea.

Ameagiza suruali mbili za Idi. Zitakatwa sasa ila mkanda hautafungwa kati nyuma mpaka siku tano za mwisho za Ramadhani. Wanaofunga hupungua, na inchi moja ya kiuno kwa mwezi si ajabu. Baada ya Idi na funga ya sitta ya Mfungo Mosi, apimwe tena mbele na nyuma. 3A iko msumari wa pili, 3B wa tatu, na wa nne umeachwa wazi.